Charles Cruft: Karani wa biskuti za mbwa aliyejitengenezea soko

WAFUGAJI wengi hapa kwetu wana mbwa. Analinda zizi usiku, anafukuza ngedere shambani na kubweka mgeni anapokaribia. Chakula chake mara nyingi ni ukoko wa ugali, maji ya dagaa na mabaki ya mezani. Ukimwambia mwenye mbwa huyo kuwa wapo watu waliojenga biashara kubwa kwa kuuza biskuti za mbwa, huenda akacheka.

Hata hivyo, ndivyo ilivyotokea mjini London katika karne ya 19. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alianza akiwa karani wa kawaida dukani, na jina lake linatajwa kila mwaka hadi leo ingawa alifariki mwaka 1938. Huyo ni Charles Cruft, mwanzilishi wa maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts.

Makala haya yanaeleza maisha yake, kwa sababu ndani yake kuna somo kwa mfanyabiashara mdogo anayetengeneza bidhaa nzuri nyumbani na kushindwa kuelewa kwa nini hainunuliwi.

Mtoto wa sonara

Cruft alizaliwa London tarehe 28 Juni, 1852. Baba yake alikuwa sonara, na kwa desturi ya wakati ule ilitarajiwa kijana arithi kazi ya mzazi wake. Familia ilikuwa na uwezo wa kumsomesha, na baadaye aliendelea na masomo ya jioni.

Kijana huyo hakuvutiwa na dhahabu wala vito. Aliacha kazi ya ukoo na kuomba nafasi katika duka lililokuwa mtaa wa Holborn, mali ya Mmarekani aliyeitwa James Spratt. Duka hilo liliuza kitu ambacho watu wengi walikiona kama mzaha, yaani biskuti zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa.

Bila shaka uamuzi huo haukuwa rahisi. Usonara ni kazi ya heshima, na mteja wake anajulikana. Biskuti za mbwa zilikuwa bidhaa mpya, na mtu aliyeziuza alilazimika kwanza kumshawishi mnunuzi kuwa anazihitaji.

Biskuti ilivyoanza

Ili kumwelewa Cruft, ni lazima kwanza kumfahamu tajiri wake. Inaelezwa kuwa Spratt alitoka Cincinnati, Marekani, akiwa muuzaji wa vyuma vya kukinga radi, na alifika Uingereza kwa biashara hiyo. Simulizi inayorudiwa mara nyingi ni kwamba alipokuwa kwenye gati aliona mbwa wa mitaani wakigombania biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa kutoka melini.

Biskuti hizo zilikuwa za unga na maji tu, zilizookwa hadi kukauka kabisa ili zisiharibike katika safari ndefu. Spratt aliona kuwa kitu kinachokaa muda mrefu bila kuoza, chepesi kubeba na ambacho mbwa anakipenda, kinaweza kuuzwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alianza kuuza biskuti zake. Alichanganya unga wa ngano, mboga, hususan kiazisukari chekundu, na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa bila chumvi. Nyama hiyo ilitangazwa kuwa inatoka kwenye mbuga za Amerika, ingawa chanzo chake hasa kilifanywa siri ya biashara.

Wateja wake wa kwanza walikuwa mabwanyenye wenye mashamba makubwa, waliofuga mbwa wengi wa kuwindia. Kwao, kupika chungu cha chakula cha mbwa 40 au 50 kila siku ilikuwa kazi na gharama. Biskuti kavu iliwapunguzia mzigo huo.

Kutoka mezani hadi barabarani

Cruft alianza kwa kuandika hesabu na kupokea wateja dukani. Hakukaa hapo muda mrefu. Alipandishwa na kuwa muuzaji wa kusafiri, akizunguka mashamba na vijiji vya Uingereza kwa treni na magari ya farasi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha biashara. Alikutana na watunza mbwa, wawindaji, wafugaji wa mbegu bora na mabibi wa mjini waliofuga mbwa wadogo wa ndani. Alijifunza kuwa watu hao wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja anaamini mbwa wake ndiye bora kuliko wa jirani.

Wakati huo huo, mashindano ya mbwa yalikuwa yameanza kushika kasi. Maonyesho ya kwanza ya aina hiyo nchini Uingereza yalifanyika Newcastle mwaka 1859, na mwaka 1873 kikaanzishwa chama cha Kennel Club kwa ajili ya kuweka kanuni na kumbukumbu za koo za mbwa.

Kampuni ya Spratt's iliona nafasi. Ilianza kutoa mabanda ya kuwaweka mbwa katika maonyesho na kuwalisha kwa siku zote za mashindano. Mwenye mbwa aliyeona mnyama wake akila biskuti hizo na kushinda, alirudi nyumbani akiwa mteja. Aidha, katika matangazo yake kampuni iliwataka wanunuzi wahakikishe kila biskuti ina muhuri wa jina la kampuni, ili wasiuziwe za kuiga.

Mwaka 1878, Cruft akiwa na umri wa miaka 26, wafugaji wa mbwa wa Ufaransa walimwalika kusaidia kuandaa sehemu ya mbwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Muuza biskuti akawa mwandaaji wa maonyesho.

Anasimama mwenyewe

James Spratt alifariki mwaka 1880, lakini biashara iliendelea chini ya wamiliki wengine na Cruft aliendelea kupanda. Mwezi Machi mwaka 1886 aliongoza maonyesho ya mbwa aina ya terrier katika ukumbi wa Royal Aquarium, Westminster. Wanyama walioandikishwa walikuwa mamia kadhaa.

Miaka mitano baadaye alichukua hatua kubwa zaidi. Mwaka 1891 alikodi ukumbi wa Royal Agricultural Hall ulioko Islington, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mifugo, na kufungua maonyesho ya mbwa wa aina zote yaliyobeba jina lake. Mbwa wapatao 2,000 walifikishwa. Malkia Victoria naye alipeleka baadhi ya mbwa wake.

Msomaji afikirie hatari iliyokuwapo. Ukumbi unalipiwa watu waje au wasije. Majaji, wahudumu, mabanda, maji na chakula vyote ni gharama. Mapato yanatokana na ada za wenye mbwa na viingilio vya watazamaji. Siku hizo zikiharibika, mwandaaji ndiye anayebaki na deni.

Wafanyabiashara wetu wana msemo kuwa biashara ni matangazo, na Cruft aliufuata kabla ya wengi. Mabango yake yalijaa sifa. Alipenda kutaja idadi ya walioandikishwa, ambayo ilizidi idadi ya mbwa wenyewe kwa kuwa mbwa mmoja aliweza kuingia katika mashindano zaidi ya moja. Mbwa wa Malkia walikuwa tangazo tosha: mwananchi wa kawaida aliyelipa kiingilio angeweza kusimama mbele ya banda la mbwa wa kifalme, na mwenye mbwa wa kawaida angeweza kuandikisha wake katika maonyesho hayo hayo.

Si kila alichogusa kilifaulu. Katikati ya miaka ya 1890 alijaribu kuandaa maonyesho ya paka kwa mtindo uleule, lakini hayakudumu. Cruft aliyaacha mapema na kurudi kwa mbwa, soko alilolijua tangu ujana. Wafanyabiashara wangapi wamefilisika kwa kung'ang'ania tawi la pili lililokataa kuzaa?

Vita, ushindi na mwisho

Vita Kuu ya Kwanza ilisimamisha maonyesho hayo kwa muda, na yakarejea mwaka 1921. Mwaka 1928 kilianzishwa kikombe cha mshindi wa jumla, na wa kwanza kukitwaa alikuwa mbwa wa mbio aina ya greyhound aliyeitwa Primley Sceptre. Mwaka 1936, Cruft akiwa na zaidi ya miaka 80, aliandaa maonyesho ya kuadhimisha miaka 50 tangu yale ya terrier. Walioandikishwa walizidi 10,000.

Alifariki tarehe 10 Septemba, 1938 na kuzikwa katika makaburi ya Highgate, London. Mkewe wa pili, Emma, aliendesha maonyesho ya mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ikaingia, na mwaka 1942 mama huyo aliamua kukabidhi maonyesho kwa Kennel Club. Walitakiwa tu kulinda jina, na walilinda. Maonyesho ya kwanza chini ya chama hicho yalifanyika mwaka 1948, na tangu mwaka 1991 yanafanyika Birmingham.

Jambo linalowashangaza wengi ni kuwa mtu huyu hakujulikana kwa kufuga mbwa. Mjane wake alieleza baadaye kuwa nyumbani walikuwa na paka, kwani mwandaaji akiwa na mbwa wa aina fulani angeonekana anapendelea aina hiyo. Alikuwa tayari kujinyima mbwa ili wateja wote wamwamini.

Biskuti yenyewe haikuwa na uchawi. Unga, nyama na mboga vilikuwa katika kila jiko la Uingereza. Kazi ngumu ilikuwa kumfanya mwenye mbwa aamini kuwa chakula kile ni salama, kina faida na kitapatikana tena wiki ijayo kikiwa vilevile.

Kwa mwenye jiko la mkaa

Je, mkulima au mama mwenye genge anaweza kutengeneza biskuti za mbwa? Anaweza, tena kwa vitu vya sokoni. Anahitaji vikombe 3 vya unga wa ngano usiokobolewa, kikombe 1 cha maini yaliyochemshwa na kupondwa vizuri, yai 1, karoti 1 iliyokunwa, na supu kidogo ya maini hayo ili unga ushikane. Asiweke chumvi, sukari wala viungo.

Unga ukandwe uwe mgumu kiasi, usukumwe hadi unene wa nusu sentimita, kisha ukatwe vipande vidogo. Viokwe kwa moto wa wastani kwa dakika 30 hadi 40. Asiye na oveni atumie sufuria yenye moto chini na juu, kama anavyooka keki. Baada ya hapo vipande viachwe kwenye moto unaofifia hadi vikauke na kuvunjika kwa mlio. Biskuti iliyobaki laini ndani huota ukungu haraka, hivyo ikae kwenye jokofu na iishe ndani ya siku 3.

Badala ya maini unaweza kusaga dagaa wakavu wasio na chumvi wala mchanga, na badala ya karoti ukatumia boga lililochemshwa. Maini yasitolewe kila siku kwa wingi, kwa sababu yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi humdhuru mbwa. Biskuti hizi ni kitafunwa tu. Zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chote anachokula mbwa kwa siku.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia kabisa: vitunguu maji, vitunguu saumu, chokoleti, zabibu mbichi au kavu, na utamu bandia uitwao zailitoli unaowekwa kwenye baadhi ya ubani wa kutafuna na pipi. Vitu hivyo ni sumu kwa mbwa hata kama binadamu anavila bila shida. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika kwa ncha kali na kuweza kutoboa utumbo.

Hatari iliyo ndani ya gunia

Hatari kubwa zaidi kwa mtengenezaji wa hapa kwetu ni sumukuvu, sumu inayozalishwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Wengi huona mahindi yaliyoharibika kuwa hayafai kwa watu lakini yanafaa kwa mbwa. Hayafai. Sumu hiyo hushambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Kupika au kuoka hakuiondoi kabisa.

Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sababu hiyohiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, nchini Marekani, zaidi ya mbwa 110 walikufa baada ya kula chakula cha kiwandani kilichokuwa na sumu hiyo. Hata kiwanda chenye mitambo kinaweza kuingiza gunia baya.

Dagaa nao wanahitaji uangalifu. Cruft alikuwa bado hai wakati Waingereza walipofanya safari ya Antaktika chini ya Kapteni Scott. Mwishoni mwa mwaka 1902 walianza kwenda kusini na mbwa 19 wa kuvuta magari ya theluji, wakiwalisha samaki wakavu waliobebwa melini kupitia nchi za joto. Samaki hao walikuwa wameharibika njiani. Mbwa walidhoofika mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Samaki mkavu aliyepata unyevu na joto si chakula tena.

Kadhalika, maini au mapafu yenye malengelenge ya maji kutoka machinjioni yasipewe mbwa. Ndani yake huwa na viluwiluwi vya tegu anayekomaa tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake humrudia binadamu na kumletea uvimbe wa hatari. Jamii za wafugaji zinaufahamu ugonjwa huo. Viungo hivyo vichomwe au kufukiwa, na hata vile vinavyoonekana safi vichemshwe kabla ya kutumika.

Anza na jirani

Anayetaka kufanya biashara asianze kwa kununua mashine. Aanze na mbwa wake, kisha wa majirani, aone kama wanazipenda na kama kinyesi chao kinabaki kizuri. Baada ya hapo atafute watu ambao tayari wananunulia mbwa wao chakula: kampuni za ulinzi, wafugaji wanaouza watoto wa mbwa, maduka ya dawa za mifugo na wakazi wa mijini. Kabla ya kuuza kwa umma, amwone ofisa mifugo wa eneo lake ili aelezwe taratibu za vyakula vya wanyama.

Hesabu nayo ni muhimu. Gharama ya unga, maini, mkaa, mfuko na nauli igawanywe kwa idadi ya pakiti, ndipo bei ipangwe. Kila pakiti iandikwe jina la mtengenezaji, tarehe ya kuoka na vitu vilivyomo. Spratt's ilipiga muhuri kwenye biskuti zake ili mnunuzi ajue nani wa kumuuliza, na mtu anayeficha jina lake hapati mteja wa mara ya pili.

Cruft aliacha dhahabu ya baba yake akaenda kuuza chakula cha mbwa. Alizunguka miaka mingi akisikiliza wateja kabla ya kukodi ukumbi wake, na alipoukodi alijua kwa majina watu watakaokuja. Anayeanza leo na sufuria moja ya biskuti anaweza kuanza vivyo hivyo: aorodheshe wenye mbwa 10 anaowafahamu, awatembelee na kuwauliza wanalisha nini na wanapata shida gani.

Na kabla ya kukanda unga wa kwanza, afungue gunia, aingize mkono hadi chini na kunusa. Likiwa na harufu ya ukungu, lisipikiwe mtu wala mbwa.